Kitanda cha Mringaringa

Kwenye kanisa la Akheri palikuwa na benchi moja refu upande wa dirishani, lenye nafasi ya kutosha ukoo mzima, na kila Jumapili lilikaliwa na mtu mmoja tu. Mtu huyo ndiye aliyelitengeneza. Ungemwuliza mwumini yeyote kwa nini hakai pale, angekwambia kwamba dirisha lile linaleta baridi. Watu wa Meru ni waungwana. Hawakuwa na moyo wa kusema waziwazi kwamba waliiogopa mikono ya Elisaria.

Elisaria alikuwa seremala. Kazi alijifunza kwenye karakana ya misheni, kwa fundi Mjerumani mwenye ndevu nyekundu. Vita ilipoanza, Waingereza walimchukua yule Mjerumani kwenda kumfunga kambini, na karakana ikabaki mikononi mwa Elisaria pamoja na randa, misumeno na kazi zote. Alitengeneza milango, meza na mizinga ya nyuki. Alitengeneza pia majeneza, na hayo ndiyo yaliyomponza.

Wazee wa pale walikuwa wamebatizwa, na nyimbo za ufufuo waliziimba kwa sauti nne mpaka mabati yakatetemeka, lakini habari ya kumshika maiti ilikuwa bado inawasisimua mwili. Elisaria ndiye aliyempima marehemu kwa kamba ya mgomba, akamlaza, akamfunika. Mazishi yakiisha alinawa peke yake mferejini, akaletewa chakula chake kwenye jani, na jani likatupwa motoni. Akimtazama mtu barabarani kwa muda kidogo, huambiwa, "Fundi, usinipime." Wote hucheka, naye hucheka. Ila mzaha mmoja ukirudiwa miaka na miaka huisha utamu.

Katika watu wote wale, mmoja tu hakumwogopa, au ndivyo Elisaria alivyoamini. Huyo ni Eunike, binti ya Mzee Sumari, mwalimu wa watoto wadogo pale misheni, mwepesi wa kucheka, mwenye macho ambayo yakikutulia unasahau ulichokuwa unataka kusema. Alizoea kuja karakanani kufuata vibao vya shule, akakaa juu ya rundo la maranda, akazungumza mpaka kengele ikamwita. Akiondoka, maranda yalibaki na alama ya pale alipokaa, na Elisaria aliyazunguka akifagia.

Wakristo wa pale walikuwa wamejiwekea desturi yao. Badala ya ile mitungi ya pombe iliyokatazwa na misheni, mchumba alipeleka kitanda kwa baba wa msichana. Baba akikipokea na kukiingiza ndani, mambo yamekwisha, na Jumapili inayofuata mchungaji anatangaza ndoa. Kitanda cha Elisaria kilikuwa tayari. Alikitengeneza jioni kwa jioni, kwa mbao za mringaringa alizozianika juu ya dari mpaka zikakauka vizuri. Misumari ilikuwa adimu kwa sababu ya vita, kwa hiyo alikiunga chote kwa vijiti vya mti mgumu. Kwenye ubao wa kichwani alichonga tawi la kahawa lenye maua, maana siku ya kwanza Eunike kumtazama vizuri, mashamba yote yalikuwa meupe kwa maua hayo.

Asubuhi moja ya masika Eunike aliingia karakanani na jani la mgomba kichwani badala ya mwavuli.

"Hujambo, fundi."

"Sijambo, mwalimu. Leo ni vibao au ni mimi?"

Hakucheka. Aliweka jani mlangoni, akasimama, na juu ya maranda hakukaa. Elisaria aliliona hilo kabla ya kitu kingine chochote.

"Baba amekubali," Eunike alisema.

Elisaria aliweka randa chini taratibu, kana kwamba furaha ni kitu kinachoweza kumwagika. "Amekubali?"

"Ngoja nimalize. Kuna karakana ya Mhindi mjini, karibu na Daraja Mbili. Wanatengeneza makabati na viti vya wazungu. Shabani, yule anayeuza mbao, amezungumza na mwenyewe. Nafasi yako ipo. Tutapanga chumba Kimandolu, mimi nitaomba shule ya huko."

"Na hapa?"

"Hapa unaacha. Majeneza unaacha, Elisaria. Siku utakayoamua, lete kitanda. Ukikileta, baba atajua kwamba umeacha."

Mvua ilikuwa inagonga bati. Elisaria alichukua kipande cha ubao, akakigeuzageuza.

"Nani atawazika watu?"

"Watazikwa kwa mkeka, kama walivyozikwa wengine."

"Mdogo wangu alizikwa kwa mkeka. Ulikuwa mfupi. Miguu yake ilikuwa nje, na watu wakafanya haraka kumfukia ili wasiione. Nilikuwa mkubwa wa kutosha kuiona."

"Najua. Umeniambia."

"Sijakwambia hili. Nikitengeneza mlango, watu wananishukuru, wananisifu, nami nakwenda kulala. Nikitengeneza jeneza hakuna anayenitazama. Lakini ile siku, peke yangu humu ndani, ninapolainisha ubao ambao hakuna mtu atakayeuona tena, ndiyo siku ninayojua kwamba Mungu aliniumba kwa sababu. Siku nyingine zote nakisia."

"Mungu anaweza kukutumia kwenye makabati pia. Yesu mwenyewe alikuwa seremala, na hatujasoma mahali kwamba alitengeneza majeneza."

"Wala hatujasoma kwamba alikataa."

Eunike aligeuza uso. Kwa kawaida wangecheka hapo wote wawili, na kicheko kingewapatanisha. Safari hii maneno yalibaki pale katikati yao.

"Nitakwenda kwa baba yako," Elisaria alisema. "Leo hii. Ni mzee wa kanisa, kila wiki anaomba kwa ajili ya wafiwa. Nitamweleza, atanielewa."

"Usiende."

"Kwa nini nisiende? Ndiye anayekataa."

"Si yeye." Sauti ya Eunike ilikuwa imeshuka mpaka mvua ikaishinda, ikabidi arudie. "Si baba, Elisaria. Ni mimi niliyemwomba aseme hivyo."

Elisaria aliacha kukigeuza kile kipande cha ubao.

"Ulipomzika mtoto wa Lerionka," Eunike aliendelea, "ulinikuta mferejini, ukanishika mkono. Ulikuwa umenawa, nilikuona kwa macho yangu ukinawa. Nilifika nyumbani nikausugua mkono huu kwa majivu mpaka ngozi ikauma. Nikasali. Nikamwambia Mungu, nampenda mtu huyu, niondolee. Halafu nikausugua tena." Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. "Nitalalaje na wewe, Elisaria, ikiwa kila utakaponigusa nitawaza nani uliyemgusa jana?"

Elisaria alijikuta ameificha mikono nyuma ya mgongo, kama mtoto aliyekamatwa na sukari. Miaka yote ile alikuwa amevumilia lile benchi, lile jani na ule mzaha, kwa sababu palikuwa na mkono mmoja duniani usiomkimbia. Kumbe nao ulikuwa unakimbia, ila kwa adabu.

"Ungeniambia mapema," alisema mwishoni.

"Nilitarajia itaisha."

Kabla ya kutoka Eunike alisimama penye kitanda. Alipitisha vidole juu ya ua moja la kahawa, akafuata tawi mpaka mwisho, polepole, kama anayesoma. Kisha alichukua jani lake akatoka mvuani.

Siku zilizofuata Elisaria alifanya kazi mlango ukiwa umefungwa. Hakutaka mtu aone uso wake. Alikula viazi vya kuchoma, akalala hapo hapo karakanani, na mara nyingi aliamka na kukaa akikitazama kitanda. Alitafuta kosa ili amkasirikie Eunike, hakuliona. Mwanamke amesema kweli, tena kwa machozi. Upweke wa kukosewa na mtu una afadhali, maana una wa kulaumiwa. Huu wake haukuwa na wa kulaumiwa, na ulimkalia kifuani tangu asubuhi mpaka asubuhi.

Ijumaa aliamua. Angeacha. Mtu hawezi kuishi maisha yake yote kwenye benchi tupu. Alikipaka kitanda mafuta, akakifunika kwa gunia, akapanda kwa Mzee Sumari kumuaga mtu mmoja kwanza, Bibi Tabea, mama yake mzazi Mzee Sumari.

Bibi Tabea alizaliwa kwa Waarusha, upande wa Ilboru, akaolewa Umeru kabla misheni haijajenga hata ukuta. Sasa alikuwa hoi kitandani, kifua kikimkoroma. Eunike alikuwa shuleni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umekuja kunipima?"

"Hapana, Bibi." Yeye peke yake mzaha huo ulimtoka bila kuuma. "Nimekuja kuaga. Nakwenda mjini, kutengeneza makabati."

"Makabati ni kazi nzuri," alisema. "Watu wanahitaji mahali pa kuweka nguo."

"Ndiyo, Bibi."

"Mimi yeyo wangu, mama yangu mzazi, alipokufa walimpeleka kichakani jioni kumwacha huko, na sote tuliambiwa tusigeuke nyuma. Nilikuwa msichana. Sikugeuka. Nilipobatizwa, mchungaji aliniuliza ninataka nini kwa Mungu, nikamwambia nataka siku yangu ikifika, mtu ageuke anitazame." Alikohoa, akapumzika. "Wewe ndiye uliyekuwa unageuka, mjukuu wangu. Kwa kila mtu. Nilidhani utanifikia na mimi."

Elisaria aliinamisha kichwa. "Nitakuja, Bibi. Popote nitakapokuwa."

"Usiahidi kwa huruma. Nipe mikono."

Akasita, akampa. Bibi Tabea aliishika yote miwili, akaitemea mate kidogo kwenye viganja, kama wazee wa kwao wanavyobariki, akaikunja vidole.

"Hii si mikono ya kuogopwa," alisema. "Mungu ameitumia. Huyo mtoto wetu Eunike naye utamvumilia. Woga si dhambi, ni kama njaa tu, hutulizwa kidogo kidogo."

Usiku ule mvua ilizidi, na maji yakalichukua daraja la barabara ya mjini. Alfajiri ya Jumamosi kengele ya kanisa ililia polepole. Elisaria, ambaye siku hiyo alikuwa amepanga kutafuta vijana wa kumbebea kitanda, alijua ni nani kabla mtu hajafika mlangoni.

Mzee Sumari alikuja mwenyewe. Alisimama nje, kofia mkononi, maji yakimchuruzika.

"Mama ametuacha."

"Pole, Baba. Pole sana."

"Najua umeacha kazi hii. Mama aliniambia ulikuja kumuaga. Sikuja kukulazimisha. Nimekuja kwa sababu mama alisema nije."

Elisaria alikwenda kwenye mbao zake. Masika ile ilikuwa na vifo vingi, na zilizobaki zilikuwa za podo, mbichi, zimelowa mpaka ndani. Ubao wa namna hiyo ukiuunga leo, kesho umepinda na kuachama. Kwa Shabani mjini hapafikiki, daraja halipo. Alirudi mlangoni.

"Mbao kavu hazipo, Baba."

Mzee Sumari aliitikia kwa kichwa, macho chini. "Basi tutatafuta mkeka mzuri."

Alipokwisha kupanda kilima, Elisaria alifunga mlango, akakivua kitanda gunia lake. Mafuta yalikuwa bado yananukia. Alikaa chini, mgongo kwenye ukuta, akalia kama ambavyo hakuwahi kulia tangu mdogo wake azikwe. Aliomba, lakini sala yake haikuwa na maneno mengi. Alimwuliza Mungu kama ni lazima iwe hiki. Hakusikia kitu zaidi ya mvua. Kisha aliinuka, akachukua nyundo ndogo, akagonga kijiti cha kwanza.

Kitanda kisicho na msumari hufunguka bila kelele. Vijiti vilitoka kimoja kimoja, matendegu yakalala kando, na kabla ya saa sita kitanda cha harusi kilikuwa rundo la mbao safi sakafuni. Elisaria alipima, akakata, akalainisha. Ule ubao wenye maua aliupima mara mbili mbili, hakuweza kuukata. Mwishowe aliuweka upande wa kichwa, uso wenye nakshi ukitazama ndani. Hakutaka mtu auone na kudhani anamsuta. Maua yale yangebaki kwa Bibi peke yake, gizani, na hilo lilimpa faraja asiyoweza kuieleza. Mikono yake ilijua kazi. Kwa mara ya kwanza wiki ile hakuwa na upweke, na hilo lenyewe lilimshangaza.

Mazishi yalikuwa Jumapili baada ya ibada. Jeneza lilifikishwa kwa Mzee Sumari kwa njia ya migombani, wanaume wanne wakiteleza na kushikana. Liliwekwa uani juu ya viti viwili. Mzee Sumari alilizunguka, akaligusa kwa ncha ya kidole, akalinusa.

"Hii si podo."

"Ni mringaringa, Baba."

"Umeipata wapi, na barabara imekatika?"

"Ilikuwepo karakanani."

Mzee Sumari aliondoa kidole chake taratibu, akavua kofia.

Kazi ya kutandika shuka ndani ya jeneza ilikuwa ya wanawake wa nyumba, na kwa kawaida waliifanya haraka, nyuso zimegeuzwa. Zamu hii ilikuwa ya Eunike. Elisaria alisimama mbali, chini ya ukingo wa paa, mahali pake pa siku zote. Alimwona akiinama na shuka jeupe, akilinyoosha miguuni, kisha kiunoni, kisha kichwani. Pale kichwani mkono wake ulikwama. Ulirudi nyuma. Halafu, polepole, vidole vyake vikaanza kufuata kitu chini ya kitambaa, kutoka ua hadi ua, mpaka mwisho wa tawi.

Eunike hakulia kwa sauti. Aliinua uso akamtafuta Elisaria kati ya watu wote wale, na alipompata hakuyaondoa macho mpaka shangazi yake alipomgusa bega. Alikunja pindo la shuka lile likawa mto, akaligandamiza kwa viganja vyake viwili, bila haraka, akamwandalia Bibi yake mahali.

Elisaria alimbeba Bibi Tabea, akamlaza. Kabla ya kuweka mfuniko alifanya kama alivyofanya siku zote. Aligeuka, akamtazama vizuri.

Baada ya kaburi watu walirudi uani kula. Yeye alishuka mferejini, nyuma ya migomba, ambako maji ya mlimani hupita baridi mchana kutwa. Alikunja mikono ya shati, akainama.

"Ngoja."

Eunike alikuwa amesimama juu ya ukingo na kibuyu cha maji, kile cha nyumbani kwao, ambacho hakikuwahi kutolewa nje kwa ajili ya Elisaria. Maji yalikuwa ya vuguvugu, yakitoa mvuke.

"Watu wanatuona, Eunike."

"Wana macho, waache waone. Lete mikono."

Aliinyoosha. Eunike aliinamisha kibuyu na maji yakaanza kushuka. Nusu ya maji yaliangukia viatu vya Elisaria, lakini hakuacha mpaka kibuyu kikawa chepesi. Halafu alinyoosha mkono wake mmoja kuelekea vidole vya Elisaria vilivyolowa. Ukafika karibu kabisa, hata Elisaria akausikia ujoto wake. Ukasimama hapo.

"Sijaweza," alisema. "Maji nimeweza. Mkono bado."

"Usijilazimishe."

"Sijilazimishi. Najaribu. Ni tofauti."

"Eunike, mjini siendi. Nilikuwa nimekubali kwenda, Mungu ni shahidi, lakini jana nilipokuwa nalainisha mbao zile niliona kwamba siwezi. Na kitanda sina tena."

"Baba alisema ukileta kitanda tutajua umeamua nini," Eunike alimjibu. "Umekileta, na bibi yangu amelala ndani yake. Nimejua."

Akapanda kurudi kwao na kibuyu mkononi. Elisaria alimfuata kwa macho. Uani watu walikuwa wameacha kula, sahani mikononi. Eunike alipita katikati yao, akampita baba yake mlangoni, akaingia, na kibuyu akakitundika mahali pake penye ukuta, pamoja na vibuyu vingine vya nyumba ile. Mzee Sumari alikitazama kikining'inia. Hakumwambia akitoe, wala akitupe motoni kama lile jani.

Elisaria hakusubiri chakula. Alishuka kwenda karakanani kwa njia ya migombani, peke yake, ambako sakafu ilikuwa tupu na mbao mbichi za podo zilikuwa zinamngoja azianike. Kibaridi cha mlimani kilikuwa kinavuma. Alitembea njia nzima ameishika mikono mbele yake, imelowa, na hakuifuta.